Majuma Mawili Bila Dikte

Alhamisi, 3 Machi 2016
Semina ya ufundishaji imekwisha. Utafiti umeonyesha: ukiwasomea wanafunzi daftari, wanachopata ni uchovu wa mkono, basi! Uliza swali, kisha nyamaza sekunde kumi wafikiri. Miaka tisa nafundisha uhifadhi wa chakula kwa dikte: mimi nasoma, wao wanaandika. Nimeona aibu. Jumamosi naanza upya!

Jumamosi, 5 Machi
Balaa. Niliingia mikono mitupu. Nikauliza: kwa nini samaki huoza? Nikanyamaza. Kalamu zote juu, zinangoja. Sekunde ya nane Odette wa mstari wa mbele akaniletea maji — eti sukari imenishuka. Nyuma mtu akaanza kusali.
Baada ya somo Odette huyo huyo kanivuta kando: "Papa Prof, kama ulipoteza kaye yako, kaka yangu iko nayo yote. Alisomaka kwako. Nitakuletea fotokopi." Anadhani nimepoteza daftari! Wema wake umenichoma.

Jumatano, 9 Machi
Doyen Nsabimana, mkuu wa kitivo, kaniita. Mkataba wangu uko mezani kwake, hajautia sahihi. Wanafunzi wamelalamika kwamba nawatesa kwa kimya. Nikamweleza utafiti. Akasema utafiti ni mzuri, lakini notisi za darasani ni notisi. Tarehe 19 atakuja kusikiliza. Akikuta sifundishi, kozi anapewa Sibomana. Sibomana! Yule anayesoma daftari mpaka maneno "fungua ukurasa", na wanafunzi wanaandika hata hayo.

Jumamosi, 12 Machi
Afadhali leo. Nilianza na wanachokijua wenyewe. Maman Nzigire, mwanafunzi wangu anayevusha sambaza, dagaa wa ziwani, kwenda Bukavu, akafunguka — robo saa bila kumeza mate! Wengine wakambishia mpaka saa ya kutoka. Nimefurahi kweli. Nyumbani mke wangu Antoinette kauliza: kwa hiyo leo umefundishwa? Kaniudhi, maana ni kweli.

Alhamisi, 17 Machi
Nimelitia daftari la zamani mkobani. Nimelitoa. Nimelitia tena. Naogopa.

Jumamosi, 19 Machi
Naandika haya hapa hapa darasani, sina la kufanya. Doyen alifika na bahasha ya mkataba wangu kwapani, akaketi nyuma karibu na Maman Nzigire. Daftari nililiacha nyumbani. Nikauliza: sambaza wamekaushwa, nusu wamefungiwa kwenye ndoo yenye mfuniko wangali na joto la jua, nusu wako kikapuni. Wepi wataota ukungu kwanza? Nikanyamaza. Wanafunzi wamezoea. Doyen hajazoea! Sekunde ya sita uvumilivu ukamwisha: "Wa kikapuni! Hewa inaingia." Hata mimi nilisomesha hivyo miaka tisa, Mungu anisamehe.
"Papa Doyen, haiko vile," akasema Maman Nzigire. "Ya mu ndoo ndo itaoza mbele. Inatokaka jasho."
Wote wakanitazama. Semina ilisema kosa lisisahihishwe haraka. Aliyekosea ajieleze kwanza kwa jirani. Kuhusu doyen haikusema kitu. Mdomo ukanitangulia: "Mheshimiwa Doyen, geuka umweleze jirani yako. Dakika tatu."
Kiti kikalia. Amegeuka!
Sasa ni dakika ya kumi na moja. Sithubutu kuwakatiza. Maman Nzigire amemvua miwani, anaipulizia pumzi: "Ona jasho, Papa!" — na Doyen, bila miwani, haoni kitu. Amerudishiwa. Amepitisha kidole kwenye kioo. Ameomba karatasi, hakuna aliyemsikia kwa kelele. Amechomoa mkataba wangu kutoka kwenye bahasha, ameugeuza upande wa nyuma, na anachora ndoo.