Simu ya Mama Yako Haikuita

Kaka Masalu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikabaki nalitazama, maana marahaba yako ndiyo ilikuwa ikinifungulia siku pale ofisini Mwanza. Ni miezi minane tangu tukuzike Bujora. Nilipaswa kukuandikia mapema. Sikuwa na jema la kukuambia, na baya lililopo nimelifanya mimi.

Mama yako amepata kiharusi. Yu hai. Mkono wa kulia haushiki kitu, na maneno yanamtoka nusu nusu.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza kazini? Niliringa kwamba akili mnemba itatuandikia msimbo wote wa programu zetu, sisi tutakuwa wa kukagua tu. Ukacheka. Ukasema, "Huyu ni fundi hodari, Nyamizi, lakini aliacha kusoma siku aliyomaliza shule. Simu zinabadilika kila mwaka, yeye hana habari." Ndiyo maana kila Jumatatu ulisoma kwanza mabadiliko yaliyotangazwa na watengenezaji wa simu, ukayaandika kwa sentensi zako fupi kwenye faili moja, na yule msaidizi wa akili mnemba akalazimika kulisoma faili hilo kabla hajaandika hata mstari mmoja. Mimi nilikaa pembeni na kikombe cha chai nikiona unapoteza muda. Leo nakiri. Niliona unapoteza muda.

Na programu yetu haikuwa ya mchezo. Wahudumu wa afya, kuanzia Magu hadi Usagara, waliwawekea wazee wenye presha iwakumbushe dawa. Ya mama yako uliirekodi kwa sauti yako mwenyewe, ukimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, dawa. Meza sasa, nasubiri." Kila siku saa moja asubuhi.

Halafu ukaugua, ukatudanganya kwamba ni vidonda vya tumbo. Ungenieleza ukweli, ningekaa na wewe zile Jumatatu nikaandika kila unachosema. Nimekukasirikia kwa hilo, kaka. Bado sijamaliza kukukasirikia.

Wiki mbili baada ya mazishi, meneja akasema faili lako linaichelewesha mashine. "Mashine inajua kuliko marehemu," akasema mbele yetu wote. Mimi ndiye niliyeliondoa, msaidizi asilisome tena. Msaidizi akaandika upya sehemu ya ukumbusho, haraka, safi, ya kupendeza macho. Nikaijaribu kwenye ile simu ya zamani ya ofisini. Ikaita. Nikaidhinisha.

Siku ya arobaini, tulipoanua matanga, ndugu zako walimnunulia mama simu mpya, maana ya kwanza ilipasuka kioo msibani. Wakaniomba nimwekee programu. Niliiweka kwa mikono yangu hii, nikahamishia na sauti yako. Mama akanishika viganja vyote viwili, akasema, "Asante mwanangu." Nilikuwa nawahi gari la kurudi mjini. Sikungoja asubuhi nisikie kama itaita.

Haikuita. Simu za siku hizi haziruhusu programu mpya kutoa ukumbusho mpaka mwenye simu aulizwe na akubali. Msaidizi aliandika kwa mtindo wa zamani, wa enzi ambazo hakuna aliyeulizwa. Simu kuukuu zilikuwa na ruhusa yao tangu awali, zikaendelea kuita kama kawaida, kwa hiyo hatukushtuka. Zilizonyamaza ni zile mpya tu.

Nilipopata habari nilikimbilia hospitalini. Nikachukua simu yake mezani, nikaona ruhusa imezimwa. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukutuambia kwamba simu haiiti?" Alihangaika na mdomo wake muda mrefu. Akasema, "Nilijua... amekufa... na sauti imekufa."

Ndivyo alivyoelewa, kaka. Mwanawe amezikwa, basi na sauti yake imekwenda naye. Nani atalalamika kwa mtu yeyote juu ya jambo kama hilo? Akawa anameza dawa siku anazokumbuka.

Nilirudi ofisini nikalifungua faili lako. Mstari wa mwisho kabisa, uliouandika ukiwa tayari huwezi kupanda ngazi: "Simu mpya: usipoomba ruhusa, kimya. Mkumbushe msaidizi, hajui." Uliandika! Nami nilikuwa nimeuondoa.

Nilimwambia meneja tuwatangazie watumiaji wote siku ileile. Akajibu, "Rekebisha kimyakimya. Ukitangaza tumekwisha." Nikarekebisha. Kisha nikachukua simu yangu nikawapigia wahudumu mmoja mmoja, siku tatu. Dada mmoja wa Magu alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mzee wangu mmoja nimemzika wiki iliyopita, alikuwa na simu mpya. Sasa unaniambia nini?" Sijui kama ni sisi. Hata yeye hajui, na hatutajua. Meneja alipopata habari alinifukuza kazi, na sikumbembeleza.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa wodini, simu ya mama nimeshaiwashia ruhusa. Simu ikaita, sauti yako ikajaa chumbani, wagonjwa wakageuza vichwa. Mama alifumba macho mpaka ulipomaliza. Halafu akasema neno moja, likatoka lote bila kukatika: "Zima." Nikazima. Sasa dawa anapewa na dada yako Kabula.

Lakini lililonifanya nishike kalamu leo ni jingine. Ndugu zako wanasema kiharusi kimeletwa na huzuni ya kukupoteza wewe. Kabula amenitamkia mwenyewe: "Masalu angetuambia anaumwa, mama angejiandaa. Nusura atuulie mama." Wanakulaumu wewe, uliye kaburini. Na mimi, wananikaribisha, wananipa kiti, wananishukuru kwa programu niliyomwekea mama. Nimenyamaza mara mbili nikila wali wao.

Jumapili hii nakwenda Bujora. Nitamwita Kabula na wadogo zako wakae, nitawaambia ni mkono wa nani ulioliondoa faili na mkono wa nani ulioweka ile programu bila kungoja kupambazuke. Wakinifukuza, nitaondoka. Wakinipiga, sitakimbia. Naapa mbele yako kwamba sitatoka pale jina lako likiwa bado limebeba kosa langu.

Lala, kaka yangu. Sikuombi unisamehe.

Mwanafunzi wako,
Nyamizi