Ua wa Bi Mwamvita Umeota Weusi

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nisaidie hivyo hivyo, maana Jumamosi naumbuka. Mimi ni mgane wa miaka hamsini na mbili, nilipunguzwa kazi kiwandani mwaka juzi, naishi Kihonda, na jirani yangu Bi Mwamvita, naye mjane, alipokwenda Matombo kwa binti yake aliyejifungua alinikabidhi ua wake wa haibiskasi unaotenganisha nyumba zetu, akasema, "Baba Furaha, nikirudi niukute na maua yake," nami nikaitikia kwa kifua, basi wiki ya pili nikaona vidudu vya kijani vimejaa kwenye vichipukizi, na katikati yao vyekundu vyenye madoa meusi, nikajua hawa wekundu ndio wakubwa wao, nikawaokota mmoja mmoja nikawamaliza, lakini majani yakaanza kunata, kisha yakawa meusi kama sufuria ya kuni, nikaenda mjini ambako siku hizi za soko huria kila kitu kinauzwa, nikanunua dawa yenye maandishi nisiyoyajua, nikaambiwa kizibo kimoja nikaweka viwili, sasa majani yanakauka na vitumba vinaanguka, na rafiki yangu Rehani anasema niufyeke wote niseme umeliwa na mbuzi, nami nilikusudia akirudi tu hiyo Jumamosi nimtamkie neno la ndoa, atanisikilizaje wakati ua wetu uko hivi?

Abeid, Kihonda

Abeid, pole, ingawa nimecheka. Umeua askari ukawaacha wezi! Hao wekundu wenye madoa ndio wanaokula wale wa kijani, yaani vidukari. Vidukari hufyonza utomvu na kudondosha uchafu mtamu, ndiyo maana majani yakanata, na huo weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Vidukari wakiondoka, ukungu unakosa chakula. Na dawa usiyoweza kuisoma, tena maradufu! Haraka haraka haina baraka, baba.

Chupa hiyo ifunge leo, iweke mbali na watoto na chakula. Asubuhi uoshe ua kwa maji mengi. Kesho yake yeyusha kipande kidogo cha sabuni ya mche kwenye ndoo, si hizi sabuni mpya za unga, ujaribu tawi moja kwanza. Lisipodhurika, osha yote, hasa chini ya majani wanakojificha vidukari, kisha suuza. Rudia baada ya siku nne. Punguza matawi yaliyosongamana hewa ipite. Sisimizi nao wafukuze, maana wanawalinda vidukari kwa ajili ya ule utamu. Na mdudu mwekundu akirudi, mpishe njia.

Jumamosi ua hautakuwa umepona, usijidanganye, ila haibiskasi ni mmea sugu, utachipua tu. Habari ya mbuzi mwachie Rehani. Bi Mwamvita atauliza mbuzi wa nani, nawe utazunguka Kihonda nzima kutafuta mbuzi wa kumsingizia. Halafu nimeona ulianza na "ua wake" ukamaliza na "ua wetu". Moyo wako umeshaposa, mdomo ndio umebaki nyuma.

Nenda stendi ukampokee. Beba mzigo wake, na kabla hamjafika nyumbani mwambie, "Ua wako nimeuharibu kwa ujuaji wangu, na nakuomba uniondolee wasiwasi, nikuoe wewe." Akicheka, tuma wazee. Akikataa, shika ndoo uendelee kuosha majani, maana hilo uliahidi bila sharti la ndoa.