Sauti Kumi na Mbili za Hervé

Kabambare, Alhamisi 7 Machi 2024

Shemeji Clovis,

Salamu nyingi. Mimi na tumbo langu la miezi minane tu wazima. Mama huko Kasongo anaendeleaje na miguu?

Jana tulimaliza kilio cha kaka yako Hervé. Tulifagia nyumba, shangazi Louise kasimama mlangoni: «Utoshe yote, toa nje, kusibakie kitu.» Nami nikafagia hata mashine yake ya kompyuta. Nilifuta faili lote la karatasi za hospitali, sikutaka kuziona tena, kisha nikamwaga na pipa la taka la humo ndani. Leo ndipo nimekumbuka: zile sauti kumi na mbili alizomrekodia mtoto akiwa kitandani zilikuwa humo. Uliwahi kurudisha karatasi za parokia zilizofutwa. Nirudishie na hizi. Simu hazishiki tangu mnara ufe, basi nampa barua Asani wa pikipiki.

Shemeji yako,
Cécilia

Kasongo, Jumamosi 9 Machi

Shemeji,

Mama anakusalimu, miguu bado inavimba. ZIMA MASHINE kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Diski ya parokia ilikuwa ya zamani: kilichofutwa hubaki hadi kingine kiandikwe juu yake. Hii niliyomwekea Hervé mwaka jana, nikijisifu itawaka haraka, ni nyingine. Mfumo wa mashine huiambia mahali gani hapahitajiki tena, nayo hupasafisha yenyewe. Bahati yetu, mfumo huo hausemi papo hapo, husema mara moja kwa wiki, Jumatatu inapoanza. Ukishazima usiiwashe tena, maana ikiwaka tu itatimiza amri ya Jumatatu iliyoipita ikiwa imezimwa. Mpe Asani ailete.

Ulizisikiliza? Mimi hapana. Aliniambia ni za mtoto.

Shemeji yako,
Clovis

Kabambare, Alhamisi 14 Machi

Shemeji,

Leo nisamehe salamu. Asani alikwama siku mbili kwenye daraja lililokatwa na mvua. Barua ilifika Jumanne.

Mashine ilikuwa inawaka. Tangu Alhamisi niliiacha iwake mchana na usiku kwa sola ya Hervé, sikugusa kitu, kwa kuogopa kwamba ikizimwa itasahau. Niliilinda kama mgonjwa, Clovis.

Nami sikuzisikiliza. Nilingoja tusikilize pamoja, mimi na mtoto. Naituma hivyo hivyo. Jaribu.

Cécilia

Kasongo, Jumatano 27 Machi

Shemeji,

Pole na mwezi wa mwisho. Nimejaribu siku nne. Majina ya sauti nimeyapata yote, kuanzia «1. Ukizaliwa» mpaka «12. Siku ya ndoa yako», na nimekuandikia orodha. Ndani yake ni sifuri tupu.

Ni mimi niliyeweka diski ile. Wewe ulifagia tu. Watu husema sauti yangu na ya Hervé ni moja. Ukitaka, nitakuja nimsemeshe mtoto.

Clovis

Kabambare, 30 Juni

Shemeji,

Natumaini mama anatembea sasa. Barua zako tatu za tangu Machi nimezipata, nisamehe kimya. Binti alizaliwa Aprili, tumemwita Darlène, ana afya.

Usije kwanza na sauti hiyo, nakuomba. Orodha nimeibandika ukutani. Kila mwanaume akipiga hodi mtoto hugeuza kichwa mlangoni, nami nageuka naye.

Mama Darlène