Marehemu Baba Yetu Hakuwa Kiziwi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tukuzike hapa Matrah, ubavuni mwa Maskati, na mwaka mzima huu hatujaweza kulitaja jina lako mbele za watu bila ya kuinamisha macho. Kumbukumbu za wenzetu huanza kwa kusema marehemu alikuwa nani. Yako lazima ianze kwa kufuta tuliyoyasema. Hukuwa kiziwi. Hukuwa bubu. Waliosema hivyo ni sisi wanao, na tulisema uongo.

Kumbukumbu hii tunaileta gazetini Dar es Salaam kwa sababu Maskati hapa hakuna gazeti la Kiswahili, na kwa sababu waliokujua kwa haki yako wako huko bara: watu wa Rusabagi, mji wa mpakani, ambako mtu akivuka kijito tu ameshaingia Urundi. Ulifika huko kijana wa Bumbwini, Amur bin Hilal, hujui hata neno moja la Kiha, ukafungua duka la chumvi, kaniki na mafuta ya taa. Ulikaa miaka thelathini na moja. Sisi tulikuwa Unguja na Mama, tukija kwako likizo za skuli.

Tunakikumbuka kibaraza cha duka na sanduku la sabuni ulilokuwa ukilikalia. Hapo ndipo kesi zote zilipokuja: ng'ombe aliyevuka mpaka na kuzaa upande wa pili, mke aliyekimbilia kwao na mume anayemtaka, shamba lenye wenyewe wawili. Ulikuwa na desturi moja. Mtu akimaliza kusema, hukumjibu. Ulimrudishia kwanza maneno yake mwenyewe, kwa lugha yake, kisha ukamwambia, "Nimekusikia. Ndivyo ulivyosema?" Akisema sivyo, ulianza upya. Wengine walikwenda zao wameridhika hata kabla hujaamua kitu. Wakakuita Mzee Nimekusikia, na bwana shauri mmoja mgeni alidhani hilo ndilo jina la ukoo wetu.

Ulitafuna karafuu kutwa. Ulimsalimu mtu angali mbali, kwa sauti kubwa, ukamwuliza mpaka habari za mbuzi wake. Wakimbizi wa Rwanda walipopita, ulipika uji kwa madebe siku kumi na moja, na ukakasirika ulipoambiwa ahsante. Ulikuwa na maneno mengi, Baba, na watu walitoka mbali kuja kuyasikiliza.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalitutoa Unguja mikono mitupu. Ami Ghanim, nduguyo aliyetangulia huku zamani, akatupokea Matrah. Wewe hakuna aliyekugusa Rusabagi. Walikushika kanzu usiondoke. Lakini Mama alikuandikia kwamba peke yetu hatuwezi, ukafunga duka, ukatufuata.

Sasa inakuja aibu yetu, na tunaiandika yote.

Suud, kaka yangu, alitaka kumposa Shaikha, binti wa watu wa Bawshar, watu wenye mitende na nasaba inayojulikana. Kiarabu chako kilikuwa cha msahafu na cha dua. Cha kuzungumza ulikuwa ndiyo kwanza unakiokota. Wiki moja kabla ya posa, barazani kwa Ami Ghanim, ulisimulia kisa cha yule ng'ombe wa mpakani. Ulianza kwa Kiarabu, ukaingia Kiswahili, ukamalizia kwa Kiha, na wageni wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Ulicheka nao, ukidhani umewafurahisha. Suud hakucheka.

"Bawshar asende," Ami alisema tuliporudi nyumbani.

"Baba wa bwana harusi asende? Watasema nini?" Mama akauliza.

"Basi ende, lakini asifumbue mdomo. Akifumbua tu, watasema hawa si Waarabu, hawa watu wa bara, na mke hatupati."

Anayesoma atadhani yaliyofuata yalitoka kwa Suud. Hayakutoka kwake. Yalitoka kwangu mimi, Kheiria, ninayeandika haya, bintiyo uliyekuwa ukimbeba mabegani mpaka kijitoni. Nilisema, "Si tuseme hasikii? Tuseme homa ya huko bara imemchukua masikio na ulimi. Nani atajua?" Ami akasema wageni wake wa barazani yeye atawafunga midomo.

Ulitutazama mmoja mmoja. Kisha ukanigeukia.

"Nimekusikia," ukasema. "Wataka babaako awe kiziwi, kakaako apate mke. Ndivyo ulivyosema?"

Nilisema ndivyo.

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka harusi ipite tu, Baba."

"Haya. Siku ngapi hizo."

Ulikwenda Bawshar, ukakaa kwenye zulia lao umenyamaza. Wakakuonea huruma. Baba yake Shaikha alikuchambulia nyama kwa mkono wake, akakuwekea mbele yako. Posa ikakubaliwa, harusi ikapita. Na hakuna aliyekuja kukwambia imetosha.

Shaikha alikuja kukaa na sisi, ndani ya nyumba ile ile ya vyumba vitatu. Tungemwambia nini? Tulisema tungoje azoee. Halafu tukasema tungoje ajifungue mtoto wa kwanza. Halafu tukaacha kungoja, tukazoea sisi. Shaikha alikupenda, alikuita kwa kukugusa bega, akakuuliza kwa vidole kama wataka chai au maji. Ulimjibu kwa vidole.

Kila mwaka, kwenye mavuno ya tende, alikwenda kwao mwezi mmoja. Huo ndio uliokuwa mwezi wako. Mwaka wa kwanza ulisema, milango imefungwa, mpaka sauti ikakauka, Mama akakupikia tangawizi. Mwaka wa pili ulisema jioni tu. Mwaka wa tatu ulisimulia kisa kimoja, ukakiacha katikati, na sisi tulikuwa na kazi zetu, hatukukuuliza kiliishaje. Mwaka wa nne Shaikha alipotoka Mama alikwambia, "Haya baba Suud, keshaondoka, sema." Ulitabasamu, ukatia karafuu mdomoni.

Aliyekaa nawe kila siku ni jirani yetu Mahfoudh, mpika halwa, aliyehamia mtaani baada ya harusi. Alasiri, sufuria zake zikishapoa, alikuja na birika la kahawa, akakaa nawe kwenye benchi la mlangoni, akasema kwa Kiarabu chake cha pole pole mpaka magharibi. Tulifurahi kwamba umepata wa kukushughulisha. Mwezi mmoja wa tende Mama alikuuliza, "Mahfoudh anakwambia nini siku zote hizo?"

"Mambo yake."

"Mambo gani?"

"Yake," ukasema, na hukuongeza.

Ndipo tulipojua kuwa Kiarabu umeshakifahamu chote. Ulikuwa umeweza kukisema pengine mwaka mzima, na hatukukuuliza.

Ulipougua, chumba kilijaa wakwe. Siku ya mwisho asubuhi ulikuwa na akili zako zote. Mama aliinama sikioni mwako, akakwambia kwa Kiswahili cha chini kabisa, "Sema, baba Suud. Sema shahada, wasikie." Ulimtazama Shaikha. Ulimtazama baba yake. Halafu ukamtazama Suud na mimi, na sote wawili tulijua unaomba nini. Ulikuwa unatuomba ruhusa.

Suud alitazama chini. Mimi nilitazama dirisha.

Ukainua kidole chako cha shahada, midomo umeifumba, ukatutoka hivyo. Baba yake Shaikha alilia, akasema Mungu anaijua nia ya asiyesema. Tulimwitikia amina.

Siku ya tatu ya matanga Mahfoudh alitushika mikono. "Nimempoteza mtu," alisema. "Nilimwambia nisiyoweza kumwambia yeyote, maana masikini alikuwa hasikii." Tulimmiminia kahawa.

Tungenyamaza hivyo mpaka tufe, tunavyojijua. Ila ilikuja barua kutoka Rusabagi, ya Mzee Bakhit, mshona nguo wa pale kibarazani kwako. Msikitini wamekusomea hitma, na Wakristo wa mji walikuja wakakaa nje. Mwishoni aliandika: "Tunajua huko Maskati pia watu walimfuata kwa mashauri. Tafadhali tuandikieni maneno yake ya mwisho, tuwasomee watu."

Barua hiyo ilikaa chini ya mto wangu miezi saba. Mzee Bakhit, jibu lako ni hili: maneno ya mwisho hatunayo, kwa sababu tulimzuia asiyaseme. Tusameheni.

Na ungengoja miezi tisa tu, Baba! Mwaka huu sultani amebadilika na mambo yamegeuka. Jamaa zetu wa Unguja wanaingia kila wiki, Kiswahili kinasemwa kwa sauti sokoni Matrah, na hao hao wageni waliokucheka sasa wanamtafuta Suud awafundishe wanao. Tulikuficha kwa jambo ambalo leo watu wanaringa nalo.

Hitma yako ya mwaka ilipokaribia tulianza kusema kweli, kwanza kwa Shaikha. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga nguo zake, akamchukua mtoto, akaenda kwao siku tisa. Aliporudi alimpita Suud. Alikuja kwangu jikoni. "Kwa nini mlidhani tungemkataa?" aliuliza. "Mimi nilikuwa namtaka mkwe anayesema."

Kisha tukaenda kwa Mahfoudh, Suud na mimi, alasiri, saa zenu za benchi. Alikuwa anakoroga halwa. Suud alimweleza, na mimi nikasema wazi kwamba shauri lilikuwa langu. Mwiko ulisimama. Halwa ikaanza kushika chini, tukasikia harufu, naye hakuitazama.

"Na habari za Masouda alizisikia?"

Masouda ni bintiye, aliyefariki kabla hatujaja Maskati. Zaidi ya hapo hatujui, kwa sababu hukutwambia.

"Alizisikia, sheikh," alisema Suud.

"Kiarabu alikifahamu?"

"Mwanzo kidogo. Halafu chote."

"Na nyinyi aliwaambia?"

"Hata siku moja."

Alikaa juu ya gunia la sukari. Tulingoja atutukane, tulikwenda tumejiandaa kutukanwa. Akasema, "Siku niliyommalizia habari ya mwanangu, alinishika mkono, hakuuachia mpaka adhana. Nikasema, masikini, ananionea huruma tu, hajui nimesema nini." Alifuta uso kwa kilemba chake. "Miaka yote hii najua hakuna aliyenisikia. Kumbe alinisikia."

Tulimwomba radhi. Alisema yeye hana cha kutusamehe, amepewa zaidi ya alichoibiwa. "Radhi mliyopungukiwa ni ya baba yenu," alisema, "na hiyo mimi siwezi kuwapa." Akatuomba jambo moja tu, jina lake tuliweke pamoja na majina ya wenye msiba. Alitusindikiza mpaka mlangoni kwetu, na benchi lako liko pale pale.

Kwa hiyo tunakuomba radhi hapa, Baba, mbele ya wanaosoma Kiswahili na wanaosomewa. Uliniuliza mpaka lini, nikakwambia mpaka harusi ipite, nami sikukufungua. Leo nakufungua, na najua nimechelewa.

Wanaokukumbuka: mkeo Rahila, wanao Suud na Kheiria, mkamwana wako Shaikha, nduguyo Ghanim, jirani yako Mahfoudh, na mji mzima wa Rusabagi, uliokuita kwa jina lako tulilolificha.

Daima tutakukumbuka, Mzee Nimekusikia.