Kilemba Kilichokwama Mashineni

Loresho, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, mama. Goti linaendeleaje? Juzi kwenye simu uliniambia limepoa, lakini nilikusikia ukiguna ulipoinuka kufukuza kuku, kwa hivyo sijaamini. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia usiiweke kabatini kungoja wageni. Ipake.

Mimi ni mzima. Kazi ya ofisini mjini inaenda vizuri, ingawa lifti imekufa tena na mawakili wanafika juu wakihema, hawataki kusemeshwa na mtu mpaka wanywe chai. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikianza kukusimulia jambo refu, simu inakatika nikifika mahali patamu. Wekesa wa shangazi anakuja huko Ijumaa, atakuletea.

Unamkumbuka Auntie Harbans, yule mama Msikh mwenye nyumba, ninayekaa chumba chake cha nyuma? Mumewe, Mzee Gurdial, alifariki mwaka jana, na tangu hapo anaishi peke yake katika nyumba yote ile. Mwanawe Manjit anakaa kwenye ghorofa huko Westlands na anataka mama yake ahamie kwake. Si mtu mbaya, ana wasiwasi tu. Lakini kila kitu kikiharibika anasema, “Mummy, hii nyumba imekushinda.” Mfereji ukivuja, nyumba imemshinda. Mbwa akizeeka, nyumba imemshinda. Auntie humjibu kwa Kipunjabi, nami sihitaji mkalimani. Mambo yao si yangu, lakini akihama nyumba itauzwa, nami nitaanza tena kuzunguka na godoro nikitafuta pa kukaa.

Basi Jumamosi moja nilikuwa nafagia kibarazani nikasikia, “Nelima! Kuja! Kuja haraka!”

Nilimkuta jikoni amepiga magoti mbele ya mashine ya kufua. Mashine imenyamaza, taa nyekundu inawaka na kuzima, mlango umejifunga, na kwenye kioo unaona maji yamejaa. Ndani ya maji yale kitambaa cha buluu kilikuwa kinaelea.

“Ni kilemba ya Mzee,” akasema. “Mimi huosha zote. Naosha, napiga pasi, narudisha kwa kabati. Hii alivaa harusi ya Manjit.”

Fundi aliyempigia simu alikuwa amemwambia, bila hata kuiona, kwamba mashine imekwisha, mlango utabidi uvunjwe, anunue nyingine. “Usiambie Manjit,” akaninong'oneza, kana kwamba Manjit alikuwa chini ya meza.

Nikamuuliza Mzee alikuwa anafanya nini ilipokataa hivi.

“Alikuwa analala chini, anafungua kitu, anatukana, halafu inafanya kazi.”

“Anafungua kitu gani?”

“Sijui. Mimi nilikuwa natengeneza chai.”

Mama, unajua mimi na mashine. Lakini sikuweza kumwacha pale akiangalia kile kitambaa. Nikachomoa plagi kwenye soketi, nikalala kifudifudi sakafuni kama Mzee. Kweli, chini kabisa kwenye kona kulikuwa na kifuniko kidogo. Nikakibandua kwa kijiko. Nyuma yake nikaona kizibo kikubwa cha kuzungusha, na kando yake kijipaipu chembamba cha mpira. Kijipaipu nikakidharau. Nikazungusha kizibo.

Weee! Maji yalinirukia usoni, yakaingia kwenye mikono ya sweta, yakaelekea sebuleni. Auntie akaja mbio na mataulo, akateleza, akakaa pwaa! katikati ya maji. Mtu wa umri ule akivunjika nyonga, nitamwambia nini Manjit? Nikamshika mabega nikaona anatetemeka, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

“Sasa najua kwa nini alikuwa anatukana!” akasema.

Tulipopata nguvu nilifunga kizibo, nikakiomba msamaha kijipaipu. Kumbe hicho ndicho cha kumwagia maji polepole. Beseni halikuingia pale chini, kwa hivyo tulitumia sinia la keki: likijaa tunakiziba kijipaipu, Auntie anamwaga, tunarudia, mpaka maji yakaisha. Hapo nikachomoa kizibo chote, na kikatoka na chujio lililoshikana nacho. Lilikuwa limejaa uchafu wa kijivu kama panya aliyelowa, na ndani yake kifungo, kibanio cha nywele na soksi ndogo ya mjukuu. Ndani zaidi kulikuwa na kipangaboi kidogo kinachosukuma maji nje, kimesongwa na nyuzi. Auntie akaleta kibano chake cha kung'olea nyusi, tukazitoa moja moja. Nikaosha chujio, nikalirudisha, nikakaza.

Nikarudisha plagi, tukawasha. Mashine ikaguna, ikasukuma nje matone yaliyobaki, halafu mlango ukalia “ka!” ukafunguka. Auntie alinikumbatia na maji yangu yote.

Mpira unaozunguka mlango ulikuwa na utelezi mweusi unaonuka. Tukausugua kwa siki. Nikagundua pia kwamba anatia sabuni ya unga kwa kikombe! Nikamwambia vijiko viwili vinatosha. “Nguo ya Mzee lazima ing'ae,” akabisha, lakini siku hizi anatumia kijiko.

Kilemba tulikisuuza upya. Mama, sikujua ni kirefu namna ile. Kilipita sebule nzima. Auntie alishika ncha moja, akasimama akiitazama ile nyingine iliyolala sakafuni.

“Hii kazi ni ya watu wawili,” akasema. “Kila asubuhi, yeye upande ule, mimi huku. Tangu aende, nafunga kwa kitasa ya mlango.”

Nikaiokota ile ncha. Akanifundisha kushika kona, si katikati, na kuvuta bila kulegeza mpaka kitambaa kinyooke na kukunjika chenyewe. Nilivuta kwa adabu yote uliyonifunza.

Jumapili Manjit akaja na watoto. Nilidhani tutaficha, lakini Auntie mwenyewe ndiye aliyefungua mdomo. Manjit akashusha pumzi. “Mummy, si unaona sasa—”

“Iliharibika, nikatengeneza,” akamkata. Akamburuta jikoni, akamwambia apige magoti na suruali yake nzuri, akamwonyesha kifuniko na kijipaipu.

“Nani alikufundisha?”

“Nelima na mafuriko.”

Kisha akaenda kabatini, akarudi na kilemba kile, akampa ncha. Manjit alikata nywele zamani, havai kilemba. Akavuta kwa nguvu, katikati.

“Kona, Manjit! Kona!”

Akacheka, akashika kona. Akavuta tena, akasema kwa sauti ya chini, “Daddy alikuwa anavuta sana mpaka unakaribia kuanguka.” Nilikuwa sijawahi kumsikia akimtaja baba yake. Nikatoka polepole, nikaenda kuanika soksi zangu.

Tangu siku hiyo hajataja kuhama. Sijui kama yameisha au yamepumzika tu. Alichosema ni kwamba kila mwanzo wa mwezi atakuja mwenyewe kusafisha chujio. Mpira wa mlango ni wangu, na nguo zangu sasa zinafuliwa humo. Mama, nalala vizuri.

Nisalimie kaka mkubwa anayelima shamba la chini, shangazi wa kwaya, na jirani anayekukamulia ng'ombe. Auntie Harbans naye anakusalimu. Anasema yeye ni mzaliwa wa Kisumu na samaki wa Nairobi hawana ladha. Nimemwalika Krismasi, na amekubali kabla sijamaliza kusema. Andaa kitanda cha mgeni, mama, na umwambie kaka atengeneze lile lango.

Ni mimi binti yako, mkavu tena na mwenye furaha,

Nelima