Uzi wa Nyuma

Mdogo wangu,

Huku sote wazima, na mvua hatimaye imetuachia. Sweta la mwanao bado sijalituma. Lina rangi tatu, na kila nikibadilisha rangi, uzi unaopita nyuma unavuta, sweta linajikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nimelifuma na kulifumua hadi shemeji yako akasema, "Mama watoto, si ununue tu dukani?"

"Dukani hawamjui mtoto wa mdogo wangu," nikamjibu.

Sikukwambia, nisikutie hofu: nilipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalala. Sasa umeamka, lakini hauhisi uzi vizuri, ndiyo maana unaukaza. Basi kabla ya kushika rangi nyingine ninavitandaza vitanzi kwenye sindano, uzi wa nyuma upate nafasi, na jicho linafanya kazi ya vidole. Jana kifua cha sweta kililala bapa. Shemeji yako alikipapasa ndani na nje, kisha akanisogezea kiti dirishani kwenye mwanga.

Usifunge safari kuja kunitazama. Mwambie mwanao asiharakishe kukua, imebaki mikono.

Dada yako mbishi