Goti la Ukuta

Chumba cha juu ya stoo,
Uwanja wa Tenisi,
Jumanne asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuulizia hali yako na ya shemeji, na presha yake ile, kama amekubali kupunguza chumvi au bado anasema daktari hajui kupika. Naulizia na karakana, msumeno mpya, na wale majirani wanaoshinda mlangoni kwako wakijifanya wamekuja kutazama kabati. Mimi mwili ni mzima. Mwili tu, kaka. Kwingine kote sijiwezi, na ukivumilia kusoma mpaka chini utajua kwa nini.

Barua yako niliipata Alhamisi, pamoja na ile uliyoitia ndani nimpe mwanao. Umeniandikia kwamba hukuzaa mwongo, kwamba mtu anayeficha ugonjwa ili avae jezi ya taifa hana tofauti na mwizi, na kwamba asikanyage kizingiti chako mpaka asimame mbele za watu aseme ukweli. Ile yake sikuifungua, lakini ulivyoikandamiza kalamu maneno yamejichora mpaka nje ya bahasha. Sijampa, na sitampa. Kila siku ananiuliza kama baba ameandika, nami namwambia posta siku hizi wanatembea kwa miguu.

Sikulaumu. Wewe ndiye uliyeuita mchezo huu kazi ya kufukuza nzi, ukagoma miaka mitatu kuja kumtazama, halafu siku ile ukaitoa redio nje, ukapanga mabenchi ambayo vanishi yake haijakauka, ukaketisha mtaa mzima. Shemeji aliniambia kuna watu walirudi kwao na vanishi kwenye suruali. Naijua aibu iliyokupata redio iliposema kijana wako hawezi kuendelea. Ila redio haikuona yote, na mimi niliona.

Utaratibu wa mashindano haya ya timu za mataifa unaujua: mechi tano kwa siku tatu, na mwenyeji ndiye anayechagua uwanja. Nahodha wetu, yule anayekaa kwenye kiti pembeni akiwatuliza wachezaji, alichagua udongo, akaniagiza niumwagilie maji kupita kiasi ili mpira uwe mzito. Wageni walikuwa watu warefu wanaotegemea nguvu. Nikamwagilia wiki nzima mpaka mgongo ukagoma. Siku ya kwanza kila upande ulishinda mechi moja. Siku ya pili, mechi ya wawili wawili, wageni walitushinda, lakini walitoka jasho jembamba. Ilikwenda seti tano, na yule mrefu wao ambaye kesho yake alipaswa kucheza na mwanao alitoka uwanjani ameshikwa kwapa. Siku ya tatu mchezaji wetu wa kwanza akasawazisha, mbili kwa mbili. Ikabaki mechi moja, ya mwanao. Tukishinda tunapanda kundi ambalo nchi hii haijawahi kulikanyaga, tukishindwa tunashuka.

Huku wanamwita Ukuta, kwa sababu kila unachompigia kinarudi. Siku ile alikuwa Ukuta kweli. Mpaka seti ya nne alikuwa anaongoza seti mbili kwa moja, na hiyo ya nne alikuwa na michezo minne kwa miwili. Yule mrefu hakuwa anakimbia tena, alikuwa anapiga tu akimwachia Mungu. Akapiga mpira mmoja kona ya nyuma, kushoto. Mwanao akauendea kwa kuteleza, kama nilivyomfundisha akiwa na miaka kumi, mguu wa kushoto mbele, na mguu ukakwama huku mwili ukiendelea kwenda. Alianguka bila kutoa sauti. Mimi nilikuwa kwenye geti dogo na ufagio wangu, na goti lile nililisikia.

Daktari amesema kano ya ndani ya goti imekatika. Asipopasuliwa mapema atachechemea maisha yake yote, habari ya tenisi usiulize. Mchezaji anayeumia uwanjani hutibiwa na chama. Lakini katibu wa chama alikumbuka kwamba goti hilohilo lilifungwa bandeji miaka miwili iliyopita, akatangaza kwamba kijana hakupona, alificha. Akawaambia waandishi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha jeraha chama hakimtibu, na hufungiwa kucheza maisha yake yote. Ijumaa hii saa tatu ndiyo kikao cha kumhukumu.

Kambini walimtoa siku ileile ya tangazo. Nilimpandisha kwangu mgongoni, ngazi kumi na nne za chuma. Anashinda ameegemea dirisha, uwanja ameupa kisogo. Akiwa macho halalamiki, akilala ndipo anapolia. Chama kilipomhoji alijibu sentensi moja tu, kwamba mguu ulimsaliti. Nawe umeandika kwamba asiye na hatia hanyamazi. Hapo umekosea, kaka, na aliyekukosesha ni mimi.

Mistari ya uwanja wa udongo si chokaa. Ni utepe mgumu wa plastiki uliopigiliwa ardhini kwa misumari. Asubuhi ya siku ya tatu, kabla watu hawajaja, nilikuta utepe wa kona ya nyuma umeinuka. Maji yale yote yalikuwa yamelainisha udongo na misumari haikuwa na pa kushika. Mtu aliyekaa uwanjani miaka ishirini na mbili kama mimi anajua dawa yake: unang'oa, unajaza udongo mkavu, unashindilia, unaacha ushike, ndipo unapigilia upya. Ni kazi ya nusu siku. Na lazima umwambie mwamuzi mkuu aliyeletwa kutoka nje, naye angeiahirisha mechi ya mwisho mpaka kesho yake.

Nikamfikiria yule mrefu. Nikasema moyoni, akilala usiku mmoja tu miguu itarudi, na mwanetu atakutana na mtu mzima badala ya mtu nusu. Basi nikachukua misumari mirefu, nikaipigilia kwenye tope lilelile, nikafagilia vumbi juu yake. Mwamuzi mkuu alipopita kukagua nilimsindikiza nikimsimulia habari za mvua. Nilijiona mjanja, kaka. Nilikuwa namsaidia mwanetu. Jua la mchana likaukausha udongo, ukanywea, misumari ikalegea, na utepe ukainuka pale pale ambapo mwanao alikuja kuingiza ncha ya kiatu chake.

Hilo ni moja. La pili ni baya zaidi. Alipokuwa bado chini, kabla ya nahodha kumfikia, aligeuza kichwa akauona utepe, kisha akaniona mimi. Alijua. Amekulia kwenye uwanja huu, anajua kazi iliyofanywa na kazi iliyofichwa. Akaushindilia utepe kwa kiganja mpaka ukalala, akasukumia vumbi juu yake, na ndipo akaanza kushika goti. Walipombeba nikaingia na ufagio nikamalizia. Mwamuzi mkuu alipokuja kukagua hapakuwa na kitu. Akaniuliza kama uwanja ulikuwa na kasoro yoyote siku ile. Nikasema ulikuwa sawa, nikatia saini.

Nilipomleta hapa chumbani nilitaka kumwomba radhi, na yeye ndiye aliyenikataza. Aliniambia, baba mdogo, wewe huna mke wala nyumba, una chumba hiki cha kazini, na ukifukuzwa kwa umri wako hakuna atakayekupa hata ufagio. Yeye bado ni kijana, goti litajijua. Nikakubali. Sikubisha hata mara moja, kaka, nilimwitikia tu kisha nikaenda kumchemshia chai. Tangu siku hiyo namsikia akilia usingizini, na mimi nimelala hatua mbili kutoka kwake, na nimekubali.

Jumamosi katibu alileta karatasi. Iliandikwa kwamba kijana akikiri mwenyewe kuwa alificha jeraha, kikao hakitakuwepo, na atafungiwa kucheza miaka mitano badala ya maisha. Mwanao akaisaini bila kuisoma mara mbili. Kwa kuwa hawezi kushuka ngazi, akanipa mimi niipeleke. Niliipeleka. Nilifika mpaka mlangoni kwa katibu na mkono nikauinua kubisha hodi. Usinifikirie mema kwa sababu nilirudi nayo. Fikiria kwamba nilifika.

Jana nilikwenda tena, safari hii na maelezo yangu mwenyewe, kurasa mbili, utepe, misumari na yote. Katibu aliyasoma akiwa amesimama. Akatoa kwenye faili karatasi yangu ya kwanza, ile niliyotia saini kwamba uwanja ulikuwa sawa, akaziweka zote mbili mezani, akaniuliza ni ipi kati ya hizo iliyoandikwa na mwongo. Nikamjibu ni ile ya kwanza. Akasema damu ni damu, baba mdogo yeyote angefanya hivyo kumwokoa mtoto wa kaka yake. Hata nahodha nilipomfuata alinipa pole na kuniambia nipumzike, kwa sababu naye hataki kuulizwa habari za yale maji. Ukweli nimeusema, kaka, na haukununulika. Niliuchelewesha mpaka ukachacha dukani.

Amebaki shahidi mmoja tu aliyeuona utepe umeinuka, na huyo ameapa hatasema. Nimempigia magoti. Nimemwambia goti lake ni lake na kazi yangu si mzigo wake. Ananisikiliza kwa adabu kisha ananiuliza kama nimekula. Mimi simwezi. Amechukua ukaidi wako, na mimi ukaidi wenu sijawahi kuushinda tangu tukiwa watoto. Atamsikiliza baba yake peke yake.

Kwa hiyo nakuomba, kwa marehemu mama yetu aliyenikabidhi kwako, njoo kabla ya Ijumaa. Barua hii namkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, itakufikia leo jioni. Hasira uliyokuwa nayo juu yake ilete yote, ila ishushie kwangu, nitaipokea. Yeye mpe bega ashuke ngazi. Ulitaka asimame mbele za watu aseme ukweli, basi mfikishe kikaoni autamke kwa mdomo wake. Mwamuru anishitaki. Bila amri yako hataweza, na bila yeye kunishitaki, mguu ule umekwenda.

Mimi nitakuwa nimeketi mbele yake. Mwambie anaposema asinitazame usoni, maana akinitazama tu atanyamaza tena.

Msalimie sana shemeji, na umwambie mwanawe anakula, ingawa kidogo. Wasalimie mafundi wenzako, wala usiwaambie lolote mpaka urudi. Radhi kwako siombi leo, nitaiomba baada ya Ijumaa, kama utakuwa bado unaniitikia.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa uwanja.